Vumbi Usiloliona Huua Askari wa Mwili

Leo nataka tuzungumze juu ya vumbi. Usicheke. Najua utasema vumbi si ugonjwa, kwani sote tumezaliwa ndani ya vumbi na tumekua. Vumbi la barabarani huingia machoni, puani na kooni. Mtu hupiga chafya, hukohoa, hutema, na mambo yamekwisha. Vumbi hilo unaliona. Ni kubwa, na mwili unajua namna ya kulitoa.

Vumbi ninalolisema mimi ni lile dogo lisiloonekana kwa macho. Hutoka wakati mwamba unapochorongwa, baruti inapolipuka, na karasha linaposaga mawe. Watu wengi katika vijiji vyetu vya wachimbaji wadogo hudhani kwamba kitu kikiwa kidogo, madhara yake nayo ni madogo. Mimi nalipinga wazo hilo. Kwa mapafu ya mtu, vumbi dogo ndilo baya zaidi. Na siku hizi viwanda vya nchi nyingi vinatengeneza unga mdogo kuliko vumbi hilo, kwa makusudi. Kwa hiyo ni vizuri tuelewe jambo hili sasa.

Ni dogo kiasi gani?

Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama nafasi kati ya mistari miwili midogo. Hiyo ni milimita moja. Sasa fikiri kwamba umeigawa milimita hiyo vipande 1,000. Kila kipande huitwa mikroni. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi.

Vumbi linalozidi mikroni 10 hunaswa na ute wa pua na koo. Lakini lile la mikroni 5 au chini yake hupita puani, hupita kooni, hushuka mpaka mwisho wa mapafu. Huko kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Katika vifuko hivyo ndimo hewa safi huingia katika damu. Huko chini hakuna ute wa kulizoa vumbi, na kikohozi hakifiki kulisukuma nje. Basi mwili umeweka askari.

Askari hao ni nani?

Mwaka 1882 mtaalamu Mrusi aitwaye Elie Metchnikoff alikuwa kando ya bahari katika mji wa Messina, nchini Italia. Alichukua kitoto cha kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kitoto hicho mwili wake huangaza, unaweza kuona mpaka ndani. Akakichoma miiba midogo. Asubuhi yake alipochungulia kwa hadubini, alikuta seli nyingi zimekusanyika kuuzunguka mwiba, kana kwamba zinataka kuula. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Wewe huna hadubini, lakini jambo hilo umeliona. Mwiba ukikuchoma mguuni na ukabaki ndani, baada ya siku chache pana usaha. Usaha huo ni askari wa mwili wako waliokufa vitani.

Katika vifuko vya mapafu wamo askari wa aina hiyo. Wataalamu wanawaita kwa jina refu. Sisi tuwaite askari walaji. Kazi yao ni kuzungukazunguka na kumeza. Wakikuta kijidudu cha ugonjwa, wanakimeza na kukiyeyusha kwa maji makali yaliyomo ndani ya vifuko vyao. Wakikuta chembe ya moshi au ya udongo, wanaimeza na kuibeba mpaka mahali pa kutokea. Wanafanya kazi usiku na mchana, nawe hujui.

Jiwe halimezeki

Sasa tuje kwenye jiwe. Mchimbaji wa dhahabu hufuata mshipa wa jiwe jeupe linalong'aa kama kioo. Wataalamu huliita jiwe hilo kwatsi. Ndilo hilo linalompa mchimbaji matumaini, na ndilo hilo linalomwua.

Askari mlaji akikutana na chembe ya kwatsi anaimeza kama desturi yake. Anaitia katika kifuko chake cha maji makali ili aiyeyushe. Jiwe haliyeyuki. Badala yake ni kifuko kinachopasuka. Maji makali yanamwagika ndani ya askari mwenyewe. Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha kwamba kupasuka huko kunawasha kengele ya hatari ndani ya seli. Seli inatoa kemikali za kuita wenzake na za kuleta uvimbe, kisha inakufa.

Chembe ya jiwe je? Iko palepale, nzima kabisa. Anakuja askari wa pili, anaimeza ileile, naye anakufa. Anakuja wa tatu. Ndugu msomaji, hili ndilo jambo ninalokuomba ulishike kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Kijidudu kikimezwa kinakufa. Jiwe likimezwa, anakufa mlaji.

Mahali penye vita visivyokwisha, mwili huweka kovu. Wewe unajua kovu la mguuni lilivyo: gumu, halinyooki. Pafu lenye makovu nalo halinyooki. Mtu anapanda kilima kidogo anahema. Baadaye anahema akitembea tambarare. Mwisho anahema akivaa shati. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi. Kwa kawaida huonekana baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi la mawe, lakini vumbi likiwa jingi sana, miaka michache tu inatosha. Dawa ya kuyaondoa makovu hayo haipo. Mtu anaweza kuacha kazi ya mgodi, akarudi kulima pamba, na bado makovu yakaendelea kukua, kwa sababu mawe yamo ndani.

Tena askari wanaochokozwa miaka mingi wanaweza kupotea njia. Wanaanza kuushambulia mwili wao wenyewe. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wa mawe huonekana zaidi na magonjwa ya viungo kuvimba na ya ngozi kukakamaa. Na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la kwatsi katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Mlango wa kifua kikuu

Kijiji chenye machimbo ni kijiji chenye kifua kikuu. Watu husema sababu ni kulala wengi katika kibanda kimoja. Ni kweli, lakini ni nusu ya maneno. Kijidudu cha kifua kikuu huingia kwa njia ileile ya hewa, na askari anayetakiwa kukimeza ni yuleyule mlaji. Kama wamekwisha kufa au wamelegea kwa ajili ya jiwe, nani atakimeza? Uchunguzi wa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha jambo la kutisha. Mchimbaji mwenye silikosisi na pia virusi vya UKIMWI alikuwa na hatari ya kifua kikuu mara 15 hivi kuliko mwenzake asiye na yote mawili.

Katika zahanati yetu alikuja baba mmoja wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa amekwisha kumaliza dawa za kifua kikuu mara mbili, katika sehemu mbili tofauti. Mara zote mbili makohozi yake hayakuonyesha kijidudu. Alikohoa, akakonda, akapewa dawa. Nilimwuliza, "Mzee, umefanya kazi gani maishani?" Akasema, "Kuchoronga, mwanangu. Tangu kijana." Alisema hakuna aliyepata kumwuliza swali hilo. Tulimwandikia apelekwe akapigwe picha ya kifua, na mapafu yake yalikuwa yamejaa makovu ya mawe.

Nami nasema hivi kwa wenzangu wa afya, na najua mimi ni mdogo kwao kwa umri na kwa cheti. Swali la "umefanya kazi gani?" halina gharama. Halihitaji mashine wala umeme. Liulizwe kwa kila anayekohoa. Shirika la Afya Duniani nalo linataka watu wanaofanya kazi penye vumbi la mawe, na waliokwisha kuiacha kazi hiyo, wapimwe kifua kikuu hata kabla hawajalalamika. Hapa nchini Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwafuatilia wachimbaji wa Mirerani. Lakini mchimbaji wa Geita au wa Chunya hawezi kusubiri Kibong'oto imfuate.

Usielewe vibaya. Makohozi yakionyesha kifua kikuu, meza dawa zote miezi 6 bila kuacha. Zinatolewa bure na zinaponya. Mchimbaji mwenye silikosisi anahitaji dawa hizo kuliko mtu mwingine yeyote.

Maziwa hayafiki huko

Sasa niseme lile litakalowaudhi baadhi yenu. Kila siku nasikia: "Ukitoka shimoni, kunywa maziwa, yanasafisha kifua." Wengine wanasema pombe kali hukata vumbi. Maziwa ni chakula bora, nakupa ruhusa unywe hata lita nzima. Lakini maziwa huenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Ni nyumba mbili zenye milango miwili. Kama maziwa yangeingia kwenye mapafu, yangekupalia.

Kitambaa nacho? Mtu anajifunga kitambaa puani, kinakuwa cheupe kwa vumbi, naye anafurahi kwamba kimezuia. Kimezuia lile kubwa. Lile dogo limepita kwenye nyuzi kama dagaa anavyopita kwenye wavu wa sangara. Zipo barakoa maalumu, kama zile ziitwazo N95, ambazo huzuia chembe ndogo kwa sehemu 95 katika kila 100, mradi zikae usoni bila kuacha nafasi. Mwenye ndevu nyingi hazimfai. Zikilowa jasho au zikijaa vumbi, zinabadilishwa. Ni kitu kizuri, lakini mimi sipendi tuanze na barakoa, kwa sababu hapo mzigo wote anabebeshwa mfanyakazi.

Tuanze na maji. Jiwe likichorongwa likiwa limelowa, vumbi huwa tope, na tope halirukiruki. Maji yaende palepale ncha ya chuma inapouma mwamba. Kumwagia sakafu halafu ukachoronga kukavu hakusaidii sana. Baada ya baruti watu wasiingie mara moja. Wasubiri vumbi litulie na hewa ibadilike, kisha wamwagie mawe maji kabla ya kuyagusa. Mahali pa kusagia, karasha lifunikwe, nalo liwe mbali na nyumba na upande ule ambao upepo hautapeleka vumbi kwa watu. Akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo wayaloweshe kwanza, na watoto wa mgongoni wasiwe hapo kabisa. Mapafu ya mtoto ni madogo na askari wake ni wachanga.

Mwenye duara mmoja aliniambia kwamba maji ni ghali, yanabebwa kutoka mbali. Nilimjibu kwamba mbona ya kuoshea dhahabu hupatikana? Hakupenda. Lakini mwaka 2003 nchi yetu ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na sheria hiyo haikusema afya ya mfanyakazi italindwa siku ambayo maji ni rahisi.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwenye redio, wakasoma vitabu vidogo, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakungoja kila mmoja augue. Vumbi la mawe linastahili kampeni kama ile. Mimi sioni kwa nini kijiji kiwe na sheria ndogo ya vyoo na ya mbuzi wanaozurura, kisha kikose sheria ndogo ya karasha kavu.

Unga mpya wa viwandani

Nilisema nitagusa unga mpya. Ukiichukua ile mikroni ukaigawa tena vipande 1,000, kila kipande huitwa nanomita. Siku hizi wataalamu wanatengeneza chembe za nanomita 100 na chini yake. Zinatiwa katika rangi za nyumba, katika plastiki, katika mafuta ya kupaka na katika dawa. Je, askari walaji wanazifanyia nini?

Jibu ni kwamba inategemea chembe yenyewe. Kwanza, je, mwili unaweza kuiyeyusha? Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna, zilizoanza kutolewa kwa watu mwezi Desemba mwaka 2020, zilibebwa ndani ya vitone vya mafuta vya ukubwa huo. Seli za mwili zinavimeza vitone hivyo, vinayeyuka, na ujumbe wa chanjo unawafikia askari. Hapo udogo umetusaidia. Ni watu wachache sana, kama 5 katika kila milioni, ambao kinga yao ilishtuka kwa nguvu baada ya sindano, nao hutibiwa palepale. Ndiyo maana aliyechanjwa huambiwa akae kidogo kabla ya kuondoka.

Pili, umbo lake. Ipo mirija myembamba ya kaboni, mirefu kama sindano. Mwaka huo huo wa 2008 majaribio ya panya yalionyesha kwamba mirija mirefu huleta uvimbe kama ule unaoletwa na nyuzi za asbesto. Askari anajaribu kuumeza, ni mrefu kuliko yeye, unabaki umetokeza nje kama mtu aliyemeza mshale. Mwaka 2014 lile shirika la saratani liliutaja mmoja wa mirija hiyo kuwa huenda unaleta saratani kwa binadamu. Dunia ilitumia asbesto kwa miaka mingi ndipo ikahesabu makaburi. Kwa mirija hii angalau wameuliza mapema.

Tatu, njia inayoingilia. Hili nalisema kwa sababu ya ndugu zetu wenye ualbino. Mafuta mengi ya kuzuia jua yana unga mdogo sana wa madini ya zinki au titani. Uchunguzi umeonyesha kwamba ukipakwa juu ya ngozi nzima hubaki kwenye tabaka la juu lililokufa. Haupiti kuwafikia askari. Kwa hiyo paka mafuta yako kila siku, wala usimsikilize anayekuambia uyaache. Saratani ya ngozi ndiyo inayoua. Lakini unga huohuo mkavu, ukivutwa puani na mfanyakazi wa kiwanda kila siku, ni habari nyingine. Na kuula ni habari ya tatu: mwaka 2022 nchi za Umoja wa Ulaya ziliuondoa unga wa titani katika vyakula, kwa kuwa wataalamu wao hawakuweza tena kusema kwamba hauna hatari.

Kwa hiyo anayekuletea unga wowote wa kufanyia kazi, uwe wa mawe, wa rangi au wa kiwandani, mwulize maswali matatu hayo. Unayeyuka? Una umbo gani? Utaniingia kwa njia gani? Akisema "ni mdogo tu, hauna neno," hajakujibu.

Kalamu na daftari

Nimalize na jambo moja linalowahusu ninyi mliojifunza kusoma na kuandika. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano kati ya makampuni ya dhahabu ya Afrika Kusini na wachimbaji waliougua silikosisi na kifua kikuu. Fedha zilizokubaliwa ni rand bilioni 5 hivi. Kulikuwa na wachimbaji wa Lesotho, Msumbiji, Malawi na nchi nyingine. Lakini kila mmoja alitakiwa kuonyesha kwamba alifanya kazi mgodini, na wapi, na kwa muda gani. Wajane wengi walianza kutafuta karatasi za miaka ishirini au thelathini nyuma.

Hapa kwetu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Mchimbaji wetu mdogo hulipwa kwa mgao wa mawe, hana barua ya ajira, hana hata jina lake mahali popote. Duara likifungwa, hakuna ushahidi kwamba alikuwamo.

Basi nunua daftari la kurasa 40. Andika jina la machimbo, jina la mwenye duara, mwezi na mwaka ulioanza, mwezi na mwaka ulioacha. Andika kazi yako: kuchoronga, kubeba mawe, kusaga au kuponda. Andika kama palikuwa na maji au hapakuwa. Kama wewe ni mama na mumeo hajui kuandika, mwandikie. Daftari lihifadhiwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku utakayokuja zahanati na kikohozi kilichozidi wiki mbili, njoo nalo.